Shajara ya Mradi: Faharasa ya Vitenzi vya Kiingereza na Yambwa Zake

Januari: lengo na uamuzi wa kwanza

Kazi iliyoanza mwezi huu ni kuandaa faharasa ya vitenzi vya Kiingereza itakayomjulisha msomaji wa Kiswahili tabia ya kila kitenzi mbele ya yambwa, yaani nomino au kiwakilishi kinachopokea tendo: kama kinaidai, kama kinaweza kukaa bila hiyo, na kama kinaipokea moja kwa moja au kwa kupitia kihusishi kama "to" au "about". Walengwa wa kwanza ni wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, ambao wengi wao husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na, wanapoingia kidato cha kwanza, hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo akifungua kamusi ya lugha mbili kutafuta "discuss" hupata "jadili", na akitafuta "explain" hupata "eleza". Maana hizo ni sahihi, ila hazimwonyeshi kwamba "discuss" hufuatwa na yambwa yake bila kihusishi, wala kwamba "explain" hakimruhusu mtu anayeelezwa kusimama mara tu baada ya kitenzi. Ndiyo maana madaftari yamejaa sentensi kama "We discussed about the matter" na "Explain me this question", ambazo kila mtu anazielewa na kila mwalimu anazipiga kalamu nyekundu.

Kuhusu istilahi, tutatumia kitenzi elekezi kwa kinachochukua yambwa na kitenzi si elekezi kwa kisichoichukua, yambwa tendwa kwa kitu kinachopokea tendo, na yambwa tendewa kwa mtu anayenufaika nalo au kudhurika kwalo. Wasomaji wa Kenya waliozoea shamirisho kipozi na shamirisho kitondo watayatambua mambo hayo bila shida, na mwanzoni mwa faharasa tutaweka istilahi zote mbili sambamba.

Uamuzi wa kwanza, ambao ndio unaobeba kazi yote, ni kwamba hatutaweka lebo ya "elekezi" au "si elekezi" mbele ya kitenzi kizima. Katika Kiingereza uelekezi ni sifa ya kitenzi ndani ya sentensi fulani, na kitenzi kimoja huweza kuwa na sentensi za namna tatu au nne. Mzungumzaji wa Kiswahili hulipata jambo hili gumu kwa sababu lugha yake huandika uelekezi kwenye mwili wa kitenzi. Tukisema "vunja" tunamtarajia mvunjaji na kivunjwacho. Tukisema "vunjika" mvunjaji ameondoka. Vivyo hivyo kwa chemka na chemsha, fungua na funguka, lala na laza. Kiingereza kina "break", "boil" na "open" ambazo hazibadiliki hata herufi moja, na kazi yote ya kuonyesha nani amefanya nini imeachiwa mpangilio wa maneno. Kwa hiyo kila kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa, kitafuatwa na miundo, na kila muundo utafuatwa na sentensi ya mfano.

Februari: waliotutangulia

Kabla ya kubuni alama zetu tulizipitia za wengine, na historia yake inastahili kurekodiwa hapa kwa sababu wazo la kuandika tabia ya yambwa ndani ya kamusi lilikomaa mbali na Uingereza, nchini Japani, miongoni mwa walimu waliokuwa wakifundisha watu ambao Kiingereza si lugha yao. Harold Palmer alifika huko mwaka 1922, na A. S. Hornby miaka miwili baadaye. Kamusi ambayo Hornby aliiandaa pamoja na wenzake wawili ilitoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiendelea, kisha Oxford University Press wakaichapisha upya mwaka 1948. Vitenzi vyake viligawanywa katika mifumo 25 iliyopewa namba, na mbele ya kila maana ya kitenzi iliandikwa namba ya mfumo wake.

Utaratibu ule ulikuwa wa kisomi na wenye faida kubwa kwa mwalimu, lakini ulimtaka mwanafunzi ajue namba kwa kichwa au arudi kila mara kwenye ufunguo. Wachapishaji wa kamusi Longman, mwaka 1978, walitumia herufi zikiandamana na tarakimu, jambo ambalo kwa maoni yetu halikupunguza mzigo huo. Timu ya COBUILD ya Birmingham, iliyotoa kamusi yake mwaka 1987 kutokana na hazina kubwa ya matini iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, ilielekea kwenye alama zinazojieleza zenyewe: herufi ya kitenzi, ikifuatwa na herufi ya nomino, ikifuatwa na kihusishi chenyewe kilivyo. Sisi tumechagua njia hiyo na kuongeza maelezo mafupi ya Kiswahili, kwa mfano "huhitaji kitu na mahali" kwa kitenzi "put", ambacho hakiridhiki na "She put the book" mpaka kiambiwe kitabu kiliwekwa wapi.

Kiunzi cha miundo tumekipata katika sarufi ya Kiingereza ya Quirk na wenzake ya mwaka 1985, inayotambua aina saba za kishazi kulingana na kile ambacho kitenzi hukidai: kiima na kitenzi pekee, kisha nyongeza ya yambwa moja, yambwa mbili, kijalizo (neno linaloeleza kiima au yambwa), chagizo la lazima (kama vile la mahali), yambwa pamoja na kijalizo, na yambwa pamoja na chagizo. Aina saba zinamtosha mwanafunzi. Mwanaisimu wa Marekani Beth Levin alipoainisha vitenzi zaidi ya 3,000 mwaka 1993 kwa kufuata miundo ambayo kila kundi huikubali au huikataa, alipata makundi mengi sana. Kazi yake tunaitumia chini kwa chini, pale tunapotaka kujua kwa nini vitenzi viwili vinavyokaribiana maana havina tabia moja.

Machi: yambwa inayoweza kuachwa na isiyoweza

Mfano unaopendwa na wanasarufi ni wa vitenzi vitatu vya kula. "Dine" hakina yambwa kamwe: mtu hawezi "dine rice". "Eat" huipokea au huiacha. "Devour" huidai, na "The lion devoured" ni sentensi iliyokatwa kabla ya kwisha. Vyote vitatu vinahusu chakula kuingia kinywani, hivyo maana peke yake haitoshi kumwongoza mwanafunzi. Ni lazima aambiwe.

Vitenzi vya kundi la "eat" vina tabia ya ziada ambayo tumeiwekea maelezo. Yambwa ikiachwa, msikilizaji huijaza kwa kitu cha kawaida cha tendo lile. "Have you eaten?" huulizia mlo, wala haihusu peremende. "He drinks" humaanisha kwamba mtu yule ni mnywaji wa pombe, na hapa Kiswahili kinakwenda sambamba kabisa, kwa kuwa anayesema "mimi sinywi" hakusudii kwamba hanywi maji. Tumeamua kuonyesha ulingano wa namna hii kila unapotokea, maana faharasa inayotaja tofauti tu humfanya msomaji aogope hata pale ambapo lugha yake inamsaidia.

Tofauti kubwa iko kwenye majibu mafupi. Mtu akiulizwa kama ameleta kitabu, Kiswahili kinamruhusu kujibu "Ndiyo, nimeleta", ingawa angeweza pia kusema "nimekileta". Kiingereza hakimpi hiari hiyo: "Yes, I have brought it" ndiyo sentensi kamili, na kiwakilishi "it" hakiachwi. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki hali ya kuacha yambwa imezoeleka hasa kwa "enjoy", na "We enjoyed very much" husikika kwenye hotuba za harusi na za bungeni pia. Mbele ya kitenzi hicho tumeandika kwamba huhitaji kitu kinachofurahiwa au kiwakilishi cha kujirejea, kama katika "We enjoyed ourselves".

Mwezi huu pia tulikubaliana vigezo vitatu vya kuitambua yambwa. Cha kwanza ni kiwakilishi: kinachokaa mahali pa yambwa huwa "me", "him", "her" au "them". Cha pili ni kauli ya kutendwa, ambapo yambwa hupanda na kuwa kiima. Cha tatu ni kielezi, ambacho hakipendi kutenganisha kitenzi na yambwa fupi. Kiswahili husema "anaongea vizuri Kiingereza" bila tatizo, lakini "She speaks well English" hukataliwa. Kigezo cha pili kina watoro wake: "have", "lack", "resemble" na "cost" hufuatwa na nomino lakini havigeuki kuwa kauli ya kutendwa, na hakuna asemaye "A car is had by my uncle". Hivi vitawekewa alama ya pekee.

Aprili: vitenzi vya sura mbili

Sehemu hii imetuchukulia muda kuliko zote, na tumeiacha ituchukulie kwa sababu ndipo sarufi hizi mbili zinapoachana waziwazi.

Kundi la kwanza ni la "break", "open", "melt", "boil", "burn" na "sink". Katika "The boy broke the cup" kikombe ni yambwa. Katika "The cup broke" kikombe kimekuwa kiima, na kitenzi hakikubadilika. Kiswahili kingetumia kauli ya kutendeka kwa sentensi ya pili. Mwanafunzi aliyezoea kuona alama kwenye kitenzi huitafuta alama hiyo katika Kiingereza, na kwa kuwa iliyo karibu ni kauli ya kutendwa, huandika "The cup was broken" hata pale anapotaka kusema kwamba kilivunjika chenyewe. Sentensi hiyo si kosa la kisarufi, ila huacha nafasi ya mvunjaji.

Hatari kubwa zaidi ni kuikuza kanuni. Kwa kuwa "vunjika" hulingana na "break" bila yambwa, mwanafunzi hutarajia "katika" ilingane na "cut" bila yambwa. Hailingani. Kamba iliyokatika yenyewe kwa uzito wa ndoo ni "The rope snapped" au "The rope broke", kamwe si "The rope cut". Sababu tunayoiona ina nguvu ni kwamba "break" hutaja hali ambayo kitu huingia, bila kujali njia, ilhali "cut" hutaja pia namna ya kutenda, yaani chombo chenye makali na mkono unaokiendesha. Mkono ukiondolewa, maana ya kitenzi huondoka nao. Kwa hiyo "hit", "cut" na "wash" havisimami na kiima kilichotendwa katika masimulizi ya tukio, ilhali "break" na "melt" husimama. Mfano mwingine wa kila siku ni "potea": kitabu kilichopotea ni "The book is lost" au "The book is missing", na "The book lost" humfanya msomaji aulize kilishindwa na nani.

Kuna mlango mmoja ambapo "cut" na "wash" huingia bila mtendaji, nao ni sentensi za sifa: "This meat cuts easily", "The shirt washes well", "The newspaper sells fast". Hapa hatusimulii tukio. Tunaeleza tabia ya kitu, na kielezi karibu ni cha lazima. Kiswahili kinazo sentensi hizi kwa kauli ileile ya kutendeka, kama katika "nyama hii inakatika kirahisi" na "gazeti linauzika", ambayo kwa hiyo hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza huzitenga. Tumeandika miundo miwili tofauti, mmoja wa tukio na mmoja wa sifa, na mifano ya Kiswahili imewekwa kando ya kila mmoja.

Kundi la pili ni la vitenzi visivyo na sura ya pili hata kidogo: "happen", "occur", "arrive", "disappear" na "die". Wanafunzi wa lugha nyingi, wala si sisi peke yetu, huandika "The accident was happened". Nadharia iliyopendekezwa na David Perlmutter mwaka 1978 inatusaidia kuelewa kwa nini. Kwa mujibu wake, viima vya baadhi ya vitenzi si elekezi vina tabia za yambwa, kwa kuwa havitendi bali vinapatwa na jambo. Ajali haitendi chochote inapotokea. Mwanafunzi anayetumia kauli ya kutendwa ameihisi tofauti hiyo, ila ameitia alama ambayo Kiingereza hakiitaki. Maelezo haya hatutayaweka kwenye faharasa, lakini yatakuwamo katika mwongozo wa mwalimu.

Kundi la tatu ni mabaki. Zamani Kiingereza nacho kiliweza kutengeneza kitenzi cha kusababisha kwa kubadili umbo, na alama za uwezo huo zimebaki katika jozi chache: "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" na "fell", "rise" na "raise". Uhusiano wa "lie" na "lay" ni uleule wa lala na laza, na wa "fall" na "fell" ni ule wa anguka na angusha, ingawa "fell" siku hizi hubaki kwa miti zaidi. Msomaji wa Kiswahili huzielewa jozi hizi haraka akionyeshwa kauli ya kutendesha. Kinachomsumbua ni kwamba wakati uliopita wa "lie" ni "lay", umbo lilelile la kitenzi elekezi, na wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe huvichanganya kila siku.

Mei: yambwa mbili

Kauli ya kutendea ndiyo utajiri wa Kiswahili na ndiyo chanzo cha sentensi nyingi zisizokubalika. Kitenzi karibu chochote kikipewa kiambishi cha kauli hiyo hupata nafasi ya mtu: pikia, somea, fungulia, shikia, salimia. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho. Kina nafasi baada ya kitenzi, na nafasi hiyo hulindwa. "The mother cooked the child some porridge" inakubalika, na "He read me the letter" vilevile. Lakini "nifungulie mlango" ni "Open the door for me", "nishikie mtoto" ni "Hold the baby for me", na "nisalimie mama", ikiandikwa "Greet me mother", haieleweki kabisa.

Kigezo kinachotenganisha mifano hii ni upokeaji. Yambwa tendewa ya Kiingereza husimama kabla ya yambwa tendwa pale mtu anapopata kitu mkononi au habari masikioni. Mtoto amepata uji na mimi nimezipata habari za barua. Mlango ukifunguliwa kwa ajili yangu siupati mimi, ingawa nimesaidiwa. Ndiyo sababu "Open me a soda" husikika vizuri kuliko "Open me the door": soda itafika mkononi.

Juu ya kigezo hicho kuna desturi ya asili ya maneno. Vitenzi vifupi vya kale, kama "give", "tell", "show", "send" na "buy", hukubali yambwa mbili. Vingi vilivyoingia kutoka Kifaransa na Kilatini, kama "donate", "explain", "demonstrate" na "purchase", humtaka mtu aje nyuma pamoja na "to" au "for". Desturi hii ina mianya, na "promise" na "offer" ni mifano yake ya wazi, hivyo tumeamua isiandikwe kama kanuni bali kila kitenzi kionyeshwe muundo wake. Wanafunzi wetu hukutana na vitenzi vya Kilatini kwa wingi katika vitabu vya sayansi na uraia, na "explain" pekee kinatosha kuhalalisha kazi hii.

Kauli ya kutendwa ya vitenzi vyenye yambwa mbili imehitaji ukurasa wake. Kiingereza huruhusu mpokeaji awe kiima, "The pupil was given a prize", au zawadi iwe kiima, "A prize was given to the pupil". Kwetu mwanafunzi hupewa zawadi, lakini zawadi haipewi mwanafunzi, hutolewa kwake.

Ugumu unakolea pale ambapo mtu ameathirika bila kupokea chochote. "Nimeibiwa simu" ni sentensi fupi na kamilifu, iliyounganisha kauli ya kutendea na ya kutendwa ili aliyepata hasara awe kiima. Ikihamishwa kama ilivyo huwa "I was stolen my phone", na msomaji wa Kiingereza ataona mtu ndiye aliyechukuliwa. Kitenzi "steal" humtaja aliyeibiwa kwa "from" tu. Yambwa yake ni mali. Anayemtaka mwenye mali awe yambwa atumie "rob", na mali ifuate "of": "I was robbed of my phone". Njia nyingine ni "I had my phone stolen". Hali ni hiyohiyo kwa "kufiwa na baba", ambayo Kiingereza husema "to lose one's father", na kwa "kukimbiwa na mke", ambako "His wife left him" hurudisha mke kwenye nafasi ya kiima. "Nimenyeshewa" kwa bahati hupata mwenzake, "I was rained on", na "ng'ombe wamemfia" hukaribiana na "His cattle died on him". Hakuna kanuni moja ya kuyapitia haya yote. Tumeyakusanya katika kiambatisho cha hasara na misiba.

Juni: kihusishi kinapoingilia

Mwezi huu ulikuwa wa kukusanya zaidi kuliko kufikiri. Orodha mbili zimekamilika. Ya kwanza ni ya vitenzi ambavyo Kiswahili huvipa yambwa moja kwa moja na Kiingereza hudai kihusishi: nisubiri ni "wait for me", nisikilize ni "listen to me", itazame ni "look at it". Ya pili ni kinyume chake, na ndiyo yenye makosa mengi: "enter the room" bila "into", "reach Mombasa" bila "at", "marry her" bila "with", "resemble his father" bila kihusishi chochote, na "discuss" na "emphasise" tulivyokwisha kuvitaja au kuvipanga. Sababu ya baadhi ya makosa haya iko ndani ya Kiingereza chenyewe, kwani nomino "discussion" na "emphasis" huchukua "about" na "on", na mwanafunzi huvuta kihusishi cha nomino akakipachika kwenye kitenzi.

Julai: hali ilivyo na kazi inayofuata

Vidahizo vya herufi za mwanzo vimeanza kupangwa kwa sura ya mwisho. Kidahizo "explain" sasa kinasomeka hivi: huhitaji kitu au kishazi kinachoelezwa, mtu anayeelezwa huja baada ya "to", "She explained the rule to us", "She explained to us that the rule had changed", mtu hakai mara baada ya kitenzi.

Kinachofuata ni vitenzi vyenye kijalizi, yaani neno dogo linaloandamana na kitenzi, kama "off" katika "turn off" na "up" katika "pick up". Humo nafasi ya yambwa hutegemea kama ni nomino au kiwakilishi: "turn off the light" na "turn the light off" zote zinafaa, lakini kiwakilishi hukaa katikati tu, "turn it off". Suala lililobaki mezani ni "pick". Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki watu husema "Pick the phone" na "I will pick you at the stage", na kijalizi hakitamkwi. Matumizi hayo ni ya watu wazima waliosoma, yanaeleweka kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, na kuyaita makosa ni kulifumbia macho eneo zima. Hata hivyo mwanafunzi anayekabili karatasi ya mtihani anahitaji kujua kwamba umbo linalotarajiwa ni "pick up". Tumeafikiana kuyaingiza yote mawili, umbo la mtihani likitangulia na la kwetu likifuata kwa alama ya eneo, na kuanza na "pick" kabla ya kuigusa "put off".